Kelmscott: Ndoto ya Mshairi, Jasho la Nani?

Katika semina zetu za fasihi tumezoea kulitaja neno "mandhari" harakaharaka, kama kondakta anayehesabu chenji. Tunasema mandhari ni kijijini, au mandhari ni mjini, kisha tunakimbilia wahusika na dhamira. Mahali penyewe tunapaacha palepale kama pazia la jukwaani. Mimi nadhani hili ni kosa la kihakiki. Mahali pana historia, na historia hiyo ina wenyewe. Mwandishi akichukua kijiji akakitia kitabuni, amechagua pia nani aonekane na nani afichwe nyuma ya pazia. Katika makala haya nataka kulijadili jambo hilo kwa kutumia kijiji kimoja kidogo cha Uingereza, kiitwacho Kelmscott.

Kelmscott kiko katika jimbo la Oxfordshire, kando ya mto Thames. Msomaji asiwazie Thames ya London, yenye madaraja makubwa na meli. Huku ni juu, karibu na chimbuko, mbele ya mji wa Oxford ukitokea London. Mto ni mwembamba na unajikunja kunja katikati ya malisho yaliyo tambarare. Mierebi imejipanga ukingoni, na mvua za baridi zikizidi, maji hutoka mtoni yakatambaa mashambani. Jina lenyewe linaaminika kuwa na maana ya vibanda vya mtu mmoja wa kale aliyeitwa Cenhelm. Basi tangu jina, hapa si mahali pa makasri. Ni mahali pa vibanda, ng'ombe, nafaka na nyasi za kulishia mifugo.

Nyumba za kijiji ni za mawe ya kijivu yaliyochimbwa katika nchi ileile. Hata mapaa ni ya vigae vya mawe. Fundi hupanga vigae vikubwa chini, penye ukingo wa paa, na kadiri anavyopanda ndivyo vigae vinavyozidi kuwa vidogo, mpaka kileleni. Nyumba kubwa kuliko zote ilijengwa mnamo mwaka 1600 hivi na familia ya Turner, ambao walikuwa wakulima wenye uwezo. Ikaongezwa sehemu nyingine baadaye katika karne ya 17. Leo inaitwa Kelmscott Manor, jina linalonukia ukabaila, lakini kwa asili ilikuwa nyumba ya mkulima.

Mwaka 1871 nyumba hiyo ilipangishwa kwa watu wawili waliotoka London. Wa kwanza ni William Morris, mshairi, mchoraji wa nakshi za vitambaa na karatasi za kupamba kuta. Wa pili ni rafiki yake, Dante Gabriel Rossetti, mshairi na mchoraji. Kiangazi hichohicho Morris alisafiri kwenda Iceland, akamwacha Rossetti nyumbani pamoja na mkewe Jane na watoto. Kilichokuwapo kati ya Rossetti na Jane kimeandikwa mno, na mimi sina haja ya kukichokonoa hapa. Nitataja picha tu. Mwaka huo Rossetti alimchora Jane ameshika tawi la mwerebi, na nyuma yake mto, kanisa la kijiji na ile nyumba. Hebu itazame picha hiyo kwa jicho la mhakiki. Kijiji kizima kimo, ila wanakijiji hawamo.

Kwa nini hawamo? Hapa tuingie katika historia yenyewe, maana jibu halipatikani katika rangi na brashi.

Kwa muda wa miaka mia hivi, kuanzia katikati ya karne ya 18, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingi za kugawa na kuzungushia ua mashamba ya pamoja na malisho ya kijiji. Mtu maskini aliyekuwa akichunga ng'ombe wake mmoja kwenye ardhi ya wote alijikuta hana pa kumchungia. Akabaki na mikono yake tu, akaiuza kwa mwenye shamba kwa ujira wa wiki. Ndiye kibarua wa mashambani wa karne ya 19. Anaamka alfajiri, analima shamba la mwingine, anaishi katika kibanda cha mwingine, na akifukuzwa kazi mara nyingi hufukuzwa na kwenye kibanda.

Mwaka 1872 vibarua hao waliunda chama chao cha kitaifa chini ya Joseph Arch. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Ascott-under-Wychwood, ambacho kipo katika jimbo hilohilo la Oxfordshire, kama kilomita 20 tu kutoka Kelmscott, wanaume waligoma. Mwenye shamba akaleta vijana wengine wa kuwavunjia mgomo. Wanawake wa kijiji wakatoka kwenda kuwazuia. Kumi na sita kati yao walishtakiwa, wakahukumiwa na mahakimu wawili ambao walikuwa makasisi, wakafungwa siku 7 wengine na siku 10 wengine. Kati yao walikuwamo akina mama walioingia gerezani na watoto wachanga mikononi. Hiyo ni mwaka 1873. Wakati huo Morris alikuwa tayari mpangaji wa Kelmscott.

Na mkoba wake je? Baba yake Morris alikuwa amenunua hisa katika mgodi wa shaba wa Devon Great Consols, karibu na mto mwingine, Tamar. Utajiri wa familia ulitoka humo. Mwaka uleule wa 1871, alipopanga nyumba ya mashambani yenye amani, Morris aliingia pia katika bodi ya wakurugenzi wa mgodi huo. Mgodi ulikuwa ukitoa shaba na sumu ya aseniki, na wanaovuta vumbi lake si wakurugenzi. Kumbe pepo ya Kelmscott ilikuwa na mlango wa nyuma, na mlango huo ulifunguka kwenye shimo la mgodi. Katikati ya miaka ya 1870 Morris alijiuzulu. Mimi simtetei wala simlaani. Nasema tu kwamba ukinzani huu ndio udongo ambamo kazi yake bora iliota.

Maana mtu huyu alibadilika. Mwaka 1880 yeye na wenzake walipiga makasia kutoka Hammersmith, London, hadi Kelmscott, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa maji. Nyumba yake ya London alikuwa ameipa jina la Kelmscott House, nayo ilikuwa kando ya mto uleule, kana kwamba mto ni uzi unaozishona nyumba mbili. Mwaka 1883 alijiunga na chama cha kijamaa akaanza kumsoma Marx. Akawa anahutubia wafanyakazi barabarani, tajiri mwenye ndevu akitetea wavujajasho. Kisha mwaka 1890 gazeti lake la Commonweal likachapa kwa mfululizo riwaya ya News from Nowhere, yaani habari za mahali pasipokuwapo.

Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Msimulizi analala Hammersmith usiku na kuamka katika karne nyingine, baada ya mapinduzi. Fedha hakuna, magereza hakuna, na jengo la Bunge limegeuzwa ghala la samadi. Watu ni wazuri wa sura na wenye afya, wanafanya kazi kwa kupenda. Msimulizi anapanda mtumbwi kuufuata mto juu, safari ileile ya 1880, mpaka anafika wakati wa mavuno ya nyasi kwenye nyumba ya zamani ya mawe. Ni Kelmscott, ingawa jina halitajwi. Mwanamke aitwaye Ellen anaushika ukuta wake kwa mapenzi. Watu wanakusanyika kanisani kwa karamu ya mavuno. Hapo ghafla msimulizi anaona kwamba hawamwoni tena. Anatoka nje, anaifuata njia, ndoto inayeyuka.

Mwenzangu mmoja darasani aliposikia kisa hiki alicheka. Akasema: "Huyo ni bwanyenye aliyekwenda kijijini kupunga upepo, akarudi ati ameona ujamaa!" Hoja yake si ya kupuuzwa. Katika ndoto ya Morris, vibarua wa Kelmscott wamefutwa na mahali pao pamejazwa watu warembo waliovaa nguo za nakshi. Tena nguo na vitabu vya Morris mwenyewe walinunua akina nani? Nakshi yake ya mwaka 1883, ile ya ndege wanaoiba stroberi, aliitoa katika bustani ya Kelmscott. Kiwanda chake cha uchapaji alikiita Kelmscott Press, na toleo la kazi za Chaucer kilichotoa mwaka 1896 lilichapwa nakala 425 za karatasi, kila moja pauni 20. Kibarua wa kijiji kilichotoa jina hilo angeweka akiba miaka mingapi? Jina la kijiji likawa alama ya kitu ambacho wanakijiji hawakuweza kukigusa.

Lakini mwenzangu hakufika ukurasa wa mwisho, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Msimulizi akiwa njiani anakutana na mtu. Mtu huyo anaonekana mzee sana, ila msimulizi anajua kwamba kwa kweli amepita hamsini kidogo tu. Mgongo umepinda, macho yamefifia, miguu anaiburura, nguo ni matambara. Anapopishana na msimulizi anagusa kofia yake kwa heshima na unyenyekevu mwingi. Ndiye kibarua wa Kelmscott halisi, kijiji cha mwaka 1890. Picha ya Rossetti ilimwacha nje, ndoto ya Morris ilimfuta, lakini mwishoni anarudi na kukata njia ya msomaji.

Kifani ni jambo dogo, labda aya moja tu. Kimaudhui ni jambo zito. Bila mtu huyo, riwaya ingekuwa kadi ya posta. Akishaingia, uzuri wote tuliosoma kabla yake unageuka kuwa swali: kama kijiji ni kizuri hivi, kwa nini aliyekijenga ana hali hii? Mawe yale yalipangwa na babu zake. Nyasi zile anazikata yeye. Na bado anamvulia kofia mpangaji kutoka London! Mwanahistoria E. P. Thompson, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu Morris, alimfuatilia tangu mapenzi ya mambo ya kale hadi mapinduzi. Mimi naongeza kwamba njia hiyo inapita Kelmscott. Uzuri wa paa na mto ulimfundisha Morris apende, na mgongo uliopinda ukamfundisha akasirike. Kimoja bila kingine kisingetosha.

Morris alifariki London tarehe 3 Oktoba 1896. Mwili ulisafirishwa kwa treni hadi Lechlade, kisha ukabebwa kwa mkokoteni wa shamba uliopambwa matawi ya mierebi, mvua ikinyesha. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji, chini ya jiwe lililobuniwa na rafiki yake Philip Webb kwa umbo la paa la nyumba. Mwaka 1902 Jane alijengesha nyumba mbili ndogo za kumbukumbu. Binti yao May akajengesha nyingine mwaka 1915, na juhudi zake zikazaa ukumbi wa kijiji, uliofunguliwa na George Bernard Shaw mwaka 1934. May alifariki mwaka 1938. Nyumba kubwa ikaenda Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1962 ikawa mali ya chama cha wanahistoria wa mambo ya kale. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2022. Watalii wanakwenda, wanaona kitanda, wanaona vitambaa vya ukutani.

Kwangu mimi, kumbukumbu iliyo karibu zaidi na riwaya ni ule ukumbi, kwa sababu ni mahali ambapo wanakijiji wanaingia bila kuvua kofia kwa ajili ya mtu. Si mapinduzi, najua. Ukumbi hauwarudishii watu malisho yao. Lakini angalau ni jengo zuri lililojengwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Kwa hiyo nawaomba wahakiki wenzangu, tukikutana na kijiji kizuri katika kazi ya fasihi, tusiridhike kuandika "mandhari ya kijijini" na kufungua ukurasa. Tuulize nani anakata nyasi, anazikata kwa ujira gani, na jioni analala wapi. Mwandishi asipotujibu, huo nao ni ushahidi wa kuandika. Morris alijibu akiwa amechelewa, ukurasa wa mwisho kabisa, lakini alijibu, na ndiyo maana kijiji kile kidogo bado kinasomeka.