Mlio wa kuwaka wa Windows

Mlio wa kuwaka wa Windows ni sauti fupi inayosikika mfumo endeshi huo wa Microsoft unapoanza kazi. Maarufu zaidi ni ule wa Windows 95, wa takriban sekunde 6, uliotungwa na mwanamuziki Mwingereza Brian Eno. Mwenyewe amesimulia kwamba aliutengeneza kwa kompyuta ya Mac.

Hadi Windows XP (2001), kuubadilisha mlio wa kuwaka kulikuwa kazi nyepesi. Mtumiaji alifungua mipangilio ya sauti, akachagua tukio la kuanza Windows, kisha akaelekeza kwenye faili yoyote ya WAV. Uhuru huo ulikoma kwa Windows Vista, iliyoingia sokoni Januari 2007. Microsoft iliufungia mlio ndani ya faili ya mfumo iitwayo imageres.dll, na mtumiaji akabakiwa na kisanduku kimoja tu cha kuuwasha au kuuzima. Aliyehama kutoka XP aliweza kuupachika mlio wake kwenye tukio la mtumiaji kuingia, lakini Windows 8 (2012) iliondoa hata nafasi hiyo, hasara ya kweli kwa waliopenda kompyuta yenye sauti yao wenyewe. Windows 11 (2021) ilikuja na mlio mpya.

Kuhariri imageres.dll kunawezekana, ila ni hatari, na masasisho ya mfumo huweza kufuta badiliko. Njia salama zaidi ni kutumia programu ya kupanga kazi iliyomo ndani ya Windows, iagizwe kucheza faili ya sauti mara mtumiaji anapoingia.