Vishikizo vya Miguu: Kutoka Chuma na Ngozi Mpaka Plastiki

Ni nani katika parokia za Masisi na Walikale asiyemjua mtu mmoja anayekwenda Misa akiwa amelishika paja lake kwa mkono, kusudi goti lisikunjike na kumwangusha? Mwendo ule si uvivu wala si mazoea mabaya. Msuli wa paja umekufa, na mkono umeshika kazi yake. Kishikizo cha mguu, wasomaji wapenzi, chaurudishia mkono ule uhuru wake, upate kubeba jembe, kuni au mtoto. Tumeona vema kueleza kilikotoka na jinsi kinavyotengenezwa, maana wengi hudhani ni kitu cha kununuliwa dukani kama kiatu. Sivyo hata kidogo.

Zamani waganga wa mifupa walifunga mguu kwa mabanzi ya miti na kamba. Huko Ulaya nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Hugh Owen Thomas, daktari wa Liverpool aliyefariki mwaka 1891, alikuwa mtoto wa ukoo wa waunga mifupa, naye ndiye aliyebuni fito za chuma za kunyosha mguu zilizobaki na jina lake. Baada yake, kwa miaka mingi, kishikizo kilikuwa chuma na ngozi: fito mbili, pete juu, kanda katikati, kiatu kizito chini. Ilikuwa kazi ya mhunzi na mshona viatu pamoja.

Ugonjwa uliowaleta watu wengi kwa mafundi hao ulikuwa polio. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi kusini kwetu, watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo ya kunywa iliyotengenezwa na Hilary Koprowski. Hilo lilikuwa mojawapo la majaribio makubwa ya kwanza ya chanjo ya namna ile duniani. Lakini chanjo haiamshi msuli uliokwisha kufa. Kwa hiyo katika miaka ya 1960, kule Mulago, Kampala, daktari Ronald Huckstep aliwatengenezea watoto vyuma vya bei ndogo, na viatu vyenye nyayo za mti. Sisi twamsifu kwa jambo moja hasa: alifikiri kwanza juu ya mama maskini atakayekilipia kifaa kile, na fundi wa kijijini atakayekitengeneza kikivunjika.

Chuma na ngozi vina sifa yake. Mhunzi yeyote aweza kunyosha fito iliyopinda. Lakini ni vizito kwa mtoto, na katika msitu wa Walikale, penye mvua nyingi, ngozi huoza na chuma hushika kutu.

Basi plastiki ikaja. Ile itumiwayo zaidi huitwa polipropileni. Giulio Natta aliipata huko Italia mwaka 1954. Msishangae kwa jina gumu, maana mnaijua: magunia mengi ya kufumwa mnayotilia maharagwe na makaa ni ya plastiki hiyo hiyo. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, lililoanza kazi ya kuwasaidia vilema kutembea mwaka 1979, liliingiza polipropileni katika karakana zake tangu mwaka 1993, nalo likapewa tuzo kwa kazi hiyo mwaka 2004. Huko Goma lilikisaidia kituo cha Shirika la Umoja, na huko Bukavu kituo cha Heri Kwetu. Majina hayo mawili wagonjwa wa milimani wanayajua kuliko majina ya hospitali nyingine.

Sasa tuingie karakanani. Mgonjwa huvikwa soksi nyembamba, na fundi hutia alama kwa kalamu ya rangi mahali penye mfupa karibu na ngozi: vifundo vya mguu, kichwa cha mfupa mdogo wa muundi, kando za goti. Kisha huuzungushia mguu bandeji zenye jasi zilizoloweshwa, huku akiushika wayo usilegee chini. Jasi ikikauka hukatwa na kuvuliwa kama ganda. Ganda hujazwa uji wa jasi, na likiisha kupasuliwa, pana mguu mweupe mezani, wenye zile alama za kalamu juu yake.

Hapa ndipo fundi mwema anapojulikana. Mguu ule wa jasi hauachwi kama ulivyo. Penye mfupa huongezwa jasi kidogo, kusudi plastiki isiguse sana. Penye nyama inayoweza kuvumilia hupunguzwa kwa tupa, ili kishikizo kikae imara. Mashine haiwezi kumfanyia kazi hiyo. Ni vidole vyake vinavyokumbuka mguu alioupapasa. Ndipo bamba la plastiki, unene wake milimita 4 au 5, hutiwa katika tanuri yenye joto la digrii 180 hivi. Likiwa tayari hubadilika, hung'aa kama kioo. Watu wawili wenye glavu hulichukua upesi, hulifunika juu ya mguu wa jasi na kubana kingo zake, na pampu hunyonya hewa mpaka plastiki ishike kila kona. Huachwa ipoe, na heri mpaka kesho yake. Fundi mwenye haraka huikata ikiwa bado na joto, nayo hupinda. Kisha msumeno, kulainisha kingo, mikanda, na kama paja ni dhaifu, fito za chuma zenye kufuli ya goti.

Mgonjwa akiisha kukivaa na kutembea kidogo, kinavuliwa na ngozi inatazamwa. Wekundu unaokawia kuondoka ni dalili kwamba panabana. Tahadhari hii ni kubwa zaidi kwa yule aliyekatwa mshipa wa fahamu kwa risasi, au aliyedungwa vibaya sindano ya kinini matakoni: huyo hasikii maumivu, na kidonda chaweza kula nyama bila yeye kujua.

Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020, ingawa polio itokayo katika virusi vya chanjo vilivyogeuka imeendelea kuonekana Kongo. Risasi ndizo hazikutangazwa kwisha. Tangu mapigano ya mwaka 1993 huko Walikale na Masisi, vita vimekuja na kurudi. Januari 2025 vikafika Goma kwenyewe, na mwezi wa Machi mji wa Walikale ukashikwa na M23, wakauacha Aprili.

Nasi twauliza hivi: mtoto hukua, wala plastiki haikui. Kishikizo cha mwaka huu kitambana mwaka ujao, na njia ya Sake ina matope na vizuizi. Tena goti lililofungwa kufuli, ambalo hutembea vizuri juu ya sementi ya karakana, ni taabu kwenye mteremko wa Masisi. Kwa maoni yetu, fundi angemjaribu mgonjwa nje, kilimani, kabla ya kumwaga.

Mikanda na misumari yaweza kurekebishwa na mshona viatu wa kijijini. Plastiki isiguswe kwa makaa ya moto, maana hupinda mahali pasipotakiwa. Na kishikizo kilichokuwa kidogo kisitupwe: kipelekwe pamoja na mtoto, maana palipochakaa na palipopasuka fundi atapasoma kabla hajalowesha bandeji ya kwanza.