Mali bila Daftari: Kuhifadhi Khati, Picha na Sauti za Wazee wetu wa Gitega na Muyinga

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lilizaliwa dukani, kwa wenye kukopesha na kukopeshwa, lakini maana yake yapita mlango wa duka. Historia ya jamaa ya watu nayo ni mali. Na historia ya Waislamu wa Gitega na Muyinga ni mali ambayo daftari yake haijaandikwa ila kwa uchache. Sehemu yake kubwa imo vifuani mwa wazee, katika picha zilizotundikwa ukutani, katika kaseti za maulidi na mawaidha, na siku hizi katika simu za mkononi. Makala haya yakusudia kueleza jinsi mali hiyo ilivyopatikana, nani ameihifadhi na nani hakuihifadhi, na yatupasayo sisi kabla haijatutoka mikononi.

Uislamu uliingia Burundi kwa njia ya ziwa na ya biashara. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji wafanyabiashara wakafuata ufuo wa Ziwa Tanganyika hadi Rumonge na kwingineko. Wadachi waliposimamisha boma lao Usumbura mwaka 1897, walikuja na askari, makarani na wapagazi waliosema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka 1912 makao ya serikali yakahamishiwa Kitega, ndiyo Gitega ya leo, na nyuma ya serikali wakafuata wenye maduka, mafundi wa cherehani na walimu wa Kurani. Muyinga nayo, iliyo kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, ikawa kituo cha wachuuzi waendao na warudio. Hivyo ndivyo ilivyoota mitaa yetu yenye msikiti, chuo na soko, ambamo Kiswahili na Kirundi vilikaa pamoja katika kinywa kimoja.

Sasa na tutazame ni nani aliyeandika habari za siku hizo. Wadachi waliacha majalada. Yale ya serikali yao ya Afrika Mashariki, yaliyohifadhiwa Dar es Salaam, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916 na kutawala mpaka tarehe 1 Julai 1962, walichukua sehemu kubwa ya karatasi zao hadi Brussels. Mapadri Weupe, waliofika Mugera mwaka 1899, walikuwa na desturi ya kuandika shajara ya kila misheni. Bwana Hans Meyer, msafiri wa Kidachi aliyepita nchi hii mwaka 1911, alitoa kitabu juu ya Warundi mwaka 1916. Hapa Gitega penyewe makumbusho ya taifa yalianzishwa mwaka 1955, nayo yana vyombo vya ufalme na picha za zamani.

Ndugu msomaji, uliza: katika hayo yote, Mwislamu wa Gitega au wa Muyinga ameandikwa na nani? Kwa sehemu kubwa ameandikwa na mtoza kodi, na mkuu wa wilaya, na mhubiri aliyemwona kuwa mshindani wake. Ni rahisi kumkuta humo akitajwa kama mchuuzi au mgeni aliyekuja na msafara. Ni shida kumkuta kama mwalimu, kama msuluhishi wa majirani, kama mama aliyelea watoto wa watu na kuwasomesha alifu na bee ukumbini pake. Asiyejiandika huandikwa na mwingine, na kwa wino wa mwingine. Tena hasara yake si ya fahari tu. Mjukuu aulizwapo kwamba babu yake alifika lini na ameizikia nchi hii watu wangapi, hana la kuonyesha ila maneno.

Jambo hili latuhuzunisha zaidi kwa kuwa dini yetu ilitufundisha hifadhi mapema. Baada ya vita vya Yamama, karibu na mwaka 633, walipouawa wengi waliohifadhi Kurani vifuani, Sayyidna Abubakar aliamuru ikusanywe katika maandishi. Kisha Sayyidna Uthmani akatoa nakala na kuzipeleka miji mikubwa, wala hakuziacha zote Madina. Wanazuoni wa hadithi nao hawakukubali neno lolote bila ya kujua limepokewa na nani kutoka kwa nani. Kwa hiyo kanuni mbili za mhifadhi twazijua toka zamani: nakala ziwe nyingi na zikae mbalimbali, na kila habari iwe na isnadi yake.

Ndugu zetu wa pwani wamekwisha kutangulia. Huko Lamu, katika msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, hati za kale za Kiarabu zilipigwa picha katika miaka ya 2010 kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Huko Unguja, mkusanyo wa hati na vitabu vya Kiarabu uliingizwa katika orodha ile ile ya UNESCO mwaka 2003. Na sauti ya Siti binti Saad twaisikia hata leo kwa sababu mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika santuri. Waimbaji wangapi wa zama zake, wake kwa waume, walikuwa na sauti nzuri, lakini kwa kukosa santuri hata majina yao hayajulikani!

Lakini asidhani mtu kwamba kupiga picha kwa simu ndiko kuhifadhi. Kaseti huoza: utepe hushikana, huota ukungu, na mashine za kuichezesha zinazidi kuadimika. Diski huchubuka, simu huibwa. Hata walio wakubwa hupatwa. Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliivamia Maktaba ya Uingereza, na makusanyo yake mengi ya kompyuta hayakuonekana kwa miezi mingi. Na moto twaujua: tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliungua, na penye moto wa namna ile daftari huteketea pamoja na bidhaa. Watu wa Timbuktu walilielewa hilo. Mwaka 2012 walianza kuzihamisha hati zao kwa siri, ndani ya masanduku ya bati, mpaka Bamako. Na maelfu kadhaa zilizobaki nyuma zilichomwa mwezi wa Januari 2013.

Basi yatupasa nini? Kwanza, tuanze na kinachokufa mapema, nacho ni sauti ya mzee na utepe wa kaseti. Karatasi yaweza kungoja mwaka. Mzee wa miaka tisini hangoji. Pili, kila picha na kila sauti iandikwe jina la mwenyewe, mahali, tarehe na aliyeipokea. Kwani picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya mtu yeyote. Tatu, ziwekwe nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ikae mji mwingine. Nne, zifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka, na chombo kikichakaa zihamishiwe kipya. Tano, asili isitupwe kwa sababu nakala ipo.

Wapo wazee wanaokataa kutoa karatasi zao, nao wana haki. Maana wengi wameona kitu kikiazimwa na kisirudi. Dawa yake si kuwalaumu. Ni kwenda nyumbani kwao, kupiga picha mbele ya macho yao, na kuiacha karatasi pale pale ilipokuwa. Yaliyo ya siri, kama vile ugomvi wa mirathi na talaka, yafungwe mpaka wenyewe waruhusu. Na wanawake waulizwe na wanawake wenzao, kwa kuwa nusu ya historia yetu imo jikoni, arusini na katika vyuo vya nyumbani, ambako wanaume hatukuwapo.

Jambo hili halihitaji jengo kubwa wala fedha nyingi. Lahitaji vijana wawili watatu waaminifu katika kila mji, kompyuta moja, na makubaliano ya kindugu: nakala za Gitega zitunzwe pia Muyinga, na za Muyinga zitunzwe pia Gitega, ili mji mmoja ukipatwa na msiba mwenzake awe shahidi wake. Yule mwenye sanduku la kaseti chini ya kitanda na alitoe wiki hii, amwite mzee anayezitambua sauti zilizomo, na mtu mmoja akae karibu nao na kalamu, aandike majina.