Nyufa za Mwezi wa Barafu



Januari 1610 Galileo, mwalimu wa hesabu huko Padua, aliielekeza darubini yake kwa sayari ya Mshtarii, akaona miezi minne ikiizunguka. Mmojawapo ni Europa, mdogo kidogo kuliko mwezi wetu. Kwa miaka zaidi ya 300 watu waliuona kuwa nukta ya nuru tu.

Hata Julai 1979 chombo cha Wamarekani, Voyager 2, kikapita karibu na kuupiga picha. Ajabu! Hapakuonekana milima mirefu, na mashimo ya vimondo yalikuwa haba; bali uso wa barafu uliochorwa mistari ya hudhurungi, mfano wa ganda la yai lililopasuka. Uhaba wa mashimo ni hoja kubwa, maana waonyesha kuwa uso ule ni mpya, haujatimiza miaka milioni 100. Basi ni nini kilichoufanya upya katika baridi kali namna ile?

Ni mvuto. Watu wa pwani wajua jinsi bahari ijaavyo na kupwa kwa kuvutwa na mwezi. Huko sayari ndiyo ivutayo mwezi wake, nayo Mshtarii yaishinda dunia kwa uzito mara 300 na zaidi. Europa huizunguka kwa siku 3 na nusu, lakini njia yake si duara kamili, kwa kuwa miezi jirani, Io na Ganymede, huivuruga. Kwa hiyo mara husogea karibu ukabanwa, mara huenda mbali ukalegea. Na kubanwa huko hutia joto ndani na kupasua barafu juu.

Chombo kilichoitwa Galileo kilikaa huko toka Desemba 1995 hata Septemba 2003. Picha zake zilionyesha nyufa zilizofuatana pinde kwa pinde, kama mnyororo. Mwaka 1999 Gregory Hoppa na wenzake walieleza kwamba kila upinde ni kazi ya mzunguko mmoja. Ufa huanza mvuto unapozidi, huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye, ukipinda kadiri mvuto unavyogeuka, kisha husimama. Na mzunguko ufuatao huendelea. Kwangu mimi hesabu hii ndiyo tamu kuliko zote, kwa sababu yataka barafu inyanyuke yapata futi 100, nayo barafu iliyoshikamana na mwamba haiwezi. Lazima pawe na maji chini. Vipimo vya sumaku vya chombo kile kile vilielekeza huko huko: bahari ya chumvi.

Juu ya unene wa barafu wataalamu wangali wakibishana. Hawa wasema maili chache, wale maili 15 au zaidi. Chombo Europa Clipper kiliondoka tarehe 14 Oktoba 2024, nacho chatazamiwa kufika mwaka 2030, kikiwa na mtambo wa kuipima barafu hiyo kwa mawimbi ya redio.