Nuad Thai: kwa nini ni ukandaji

Al Wakrah, mji wa kale wa wavuvi na wapiga mbizi wa lulu kusini mwa Doha, ni miongoni mwa miji ya Ghuba ambako Waafrika Mashariki wanafanya kazi hotelini na saluni bega kwa bega na watu wa Asia. Kazini wote husema "masaji", na mambo huenda. Tatizo huanza dada wa Mombasa anapompigia mama yake simu kumweleza kazi ya mwenzake Mthai. Aseme anachua, anasinga au anakanda?

Nasema anakanda. Kuchua ni kusugua, aghalabu kwa mafuta, kama anavyochuliwa mtu aliyeteguka mguu. Kusinga ni kumpaka bibi harusi singo mwili ung'are na unukie. Nuad Thai, masaji ya Kithai anayofanya mwenzake huyo, haimo humo. Mteja hulala juu ya godoro jembamba sakafuni, amevaa nguo pana, wala hapakwi mafuta. Fundi humbinya kwa dole gumba, kiganja, kiwiko, goti, hata wayo, akimwegemezea uzito wake polepole, kisha humkunja na kumnyoosha miguu, mikono na mgongo. Tena Wathai hutumia kitenzi hichohicho, nuad, kwa unga pia: wanakanda unga, wanakanda mwili, sawasawa na sisi.

Neno gumu zaidi ni sen. Fundi hufuata sen kuu kumi, zinazosemekana kuanzia karibu na kitovu na kupitisha nguvu au upepo wa mwili. Wengi wangesema "mishipa", lakini muuguzi akisikia mshipa atatafuta damu au neva, na sen hazionekani kwa kisu cha mpasuaji. Napendekeza "mikondo", kwa kuwa mkondo hutambulika kwa kile kinachopita ndani yake.

Mapokeo ya Wathai humtaja Jivaka, tabibu wa zama za Buddha, kuwa baba wa tiba yao. Ushahidi tunaoweza kuugusa uko Bangkok, katika hekalu la Wat Pho: Mfalme Rama III, aliyetawala 1824 hadi 1851, aliamuru elimu hiyo ichongwe kwenye mabamba ya mawe pamoja na michoro ya mwili na mikondo yake, ili yeyote aweze kujifunza. Mwaka 2019 UNESCO iliiingiza Nuad Thai katika orodha ya turathi zisizoshikika.

Neno "kukanda" lina faida nyingine ambayo "masaji" haina: lahusu pia kukandamiza kitu cha moto mwilini. Wathai hufunga mchaichai, manjano na mizizi ya jamii ya tangawizi ndani ya kitambaa, wakakipasha mvuke na kukikandamiza mwilini. Mzigo huo huitwa luk prakhob. Mimi nauita furushi la kukandia. Mama wa pwani aliyekandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua atauliza tu ni majani gani yamo.