Shaba ndani ya spika: kutoka koili hadi chipu

Shaba ya Katanga ilianza kupita Kamina kwa treni mwaka 1928, reli ya BCK ilipounganisha Bukama na Port-Francqui, mji tunaouita leo Ilebo. Kule ilipakiwa kwenye mashua kuteremka Kasai hadi Léopoldville, kisha treni tena mpaka Matadi, kisha bahari. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo lote liliitwa Shaba. Lakini fundi wa kwetu anayetaka kutengeneza spika za kanisa au za matanga, waya wa shaba anautafuta ndani ya transfoma iliyoungua. Anaufungua mzunguko kwa mzunguko, halafu anausokota upya juu ya kipande cha bomba.

Waya huo wa nini? Spika ya koni ya karatasi, mama wa hizi zote tunazozijua, ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric. Tatizo ni kwamba koni moja haiwezi kila kitu. Kubwa, yaani wufa, inasukuma besi. Ndogo, yaani twita, inatoa sauti kali, na ukiitupia besi inaungua. Lazima pawe na kigawa sauti, ambacho mafundi wanakiita krosova. Koili inapitisha sauti nene na kuzuia kali. Kapasita inafanya kinyume chake. Na kadiri unavyotaka kukata chini, ndivyo koili inavyonenepa. Kwa wufa ya omu 8 na mpango ulio rahisi kuliko yote, kukata kwenye hezi 2000 kunahitaji koili ya milihenri 0.64; kwenye hezi 500 unahitaji 2.55, mara nne. Shaba nyingi, na sehemu ya nguvu inapotelea ndani ya waya kama joto.

Kinshasa walipita njia nyingine. Mawangu Mingiedi, Mzombo aliyeanzisha Konono N°1 katika miaka ya 1960, alitaka likembe, ndugu wa kisanji chetu, isikike katikati ya kelele za jiji. Maikrofoni zilitengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani, na sauti ikatolewa kwa zile pembe za chuma za enzi ya Wabelgiji, «lance-voix». Likembe zenyewe zilikuwa tatu: ya besi, ya kati na ya sauti kali. Kwa hiyo kazi ya kugawa sauti ilikuwa tayari mikononi mwa wapigaji. Mkwaruzo wa pembe ukawa sehemu ya muziki, albamu Congotronics ikatoka 2004, na mwaka 2011 kundi hilo lilikuwa miongoni mwa walioshinda tuzo ya Grammy pamoja na Herbie Hancock. Mingiedi alifariki 2015.

Mkwaruzo ule naupenda kwenye likembe. Kwenye matanga ni jambo lingine. Watu wametoka Kabongo na Bukama kusikia maneno ya mwisho juu ya ndugu yao, halafu wanasikia mvumo tu. Kwa kazi hiyo, sauti ya mtu lazima itoke safi.

Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz alichapisha utafiti wake juu ya kugawa sauti kabla haijaingia kwenye ampli, kila spika ikiwa na ampli yake. Hapo koili nene haina kazi tena. Mwaka 1983 Texas Instruments ikaleta chipu ya TMS32010, inayoshughulikia sauti ikiwa namba tupu. Leo kibao kidogo cha chipu kinatosha: kutoka hezi 2000 hadi 500 unaandika namba nyingine, basi. Tena chipu inaweza kuchelewesha. Sauti inakwenda karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja. Kama sauti ya pembe inaanzia sentimita 17 nyuma ya wufa, unaichelewesha wufa nusu milisekunde, na sauti zote mbili zinamfikia msikilizaji pamoja. Kwa koili, jambo hilo karibu haliwezekani.

Ila ampli mbili au tatu badala ya moja zinataka umeme zaidi, na twita inabaki imefungwa moja kwa moja kwenye ampli. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kishindo hicho kinaweza kuiua. Fundi mwenye akili anaiachia kapasita moja mbele yake.

Lingine linahusu wanafunzi wa kazi. Koili mwanafunzi aliiona, akahesabu mizunguko, akaiga. Namba za chipu hazionekani, na nyingi huingizwa kwa kompyuta. Fundi akihama na kompyuta yake, sanduku linabaki bubu kwa atakayelifungua. Kwa hiyo ziandikwe kwa kalamu nyuma ya mbao, ndani ya sanduku: hezi za kukatia, milisekunde za kuchelewesha, na ampli ipi inasukuma spika ipi.