MATUNDA YA LUSHOTO

Mgeni apandaye kutoka Mombo, mwendo wa kilomita 33 zenye kona nyingi, akiyapita maporomoko ya Soni, hukutana na matunda kabla ya kuuona mji wetu: ndoo za plamu, pichi na pea kando ya barabara. Hununua, kisha huenda zake Irente kuitazama nyika ya Mazinde iliyo chini ya genge. Ni wachache waulizao miti hiyo ilifikaje.

Tuseme kweli: haikuletwa kwa ajili yetu. Wadachi waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, wakaja huku kulikimbia joto la pwani. Matunda ya kwao yalistawi katika baridi yetu, nayo yalikuwa ya meza zao. Baadaye ndipo yalipoenea migombani mwa Washambaa.

Waingereza nao walileta matuta. Tangu mwaka 1946, kuanzia Mlalo, wenyeji waliamriwa kulima matuta milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama. Watu walikataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Wazee wetu hawakuuchukia udongo wao, waliichukia amri. Mipea iliyoko miteremkoni leo hakuna aliyetulazimisha kuipanda.

Shida yetu sasa ni nyingine. Plamu haingoji. Zikiiva, zimeiva bonde zima, na mwenye lori huijua siku hiyo kama sisi tuijuavyo. Ndiyo sababu tuliamua kuuza pamoja, na kukubaliana bei kabla lori halijapanda mlima.